Kuchagua Buni kwa Ladha na kwa Mfuko



Juma hili tumeamua kuzungumza juu ya kitu kisichokosekana katika nyumba zetu za mwambao, nacho ni kahawa. Kahawa kwetu hainywewi kwa kiu. Huandaliwa watu wanaporudi kutoka tarawehe, hupitishwa matangani, hupokewa nayo wageni wa posa, na wazee huikalia barazani baada ya laasiri pamoja na tende au kashata. Kwa kuwa imeshikamana hivyo na heshima ya nyumba, gharama yake aghalabu haihesabiwi. Mama wa nyumba huijua vyema bei ya mchele na ya sukari, lakini akiulizwa kahawa imemgharimu kiasi gani kwa mwezi huenda asiwe na jawabu, kwani hununuliwa kidogo kidogo, kipakiti leo na kikopo kesho.

Tungependa kulithibitisha jambo moja: kahawa nzuri si lazima iwe ile yenye bei kubwa, bali ni ile inayolingana na namna inavyopikwa na kunywewa. Anayelipa bei ya juu kwa sifa ambayo tangawizi na karafuu zitaifunika amepoteza fedha. Na anayenunua unga wa bei rahisi uliokwisha harufu, kisha akauzidisha maradufu ili apate ladha, naye amepoteza vilevile. Baina ya wawili hawa iko njia ya kati, na njia hiyo huanzia katika kuijua buni yenyewe.

Kahawa na sisi

Asili ya mbuni wa arabika ni nyanda za juu za Uhabeshi, lakini kinywaji tunachokijua kilipata umaarufu wake Yemen katika karne ya 15, ambako watu wa tarika walikinywa ili wakeshe katika dhikri. Kutoka bandari ya Mukha buni ilisafiri kwenda Makka, Cairo na Istanbul. Haikupokewa bila mjadala. Mwaka 1511 Khair Beg, aliyekuwa gavana wa Makka, aliipiga marufuku, ila haikuchukua muda mrefu marufuku hiyo ikalegezwa kutoka Cairo. Maneno yetu mawili, kahawa na buni, yote ni ya Kiarabu, na desturi ya vikombe vidogo na iliki ilitufikia kwa njia hiyohiyo ya bahari.

Mmea wenyewe ulichelewa kufika kwetu. Inaelezwa kuwa mibuni ya kwanza nchini Kenya ilipandwa na wamisionari wa Kifaransa huko Bura, katika milima ya Taita, mwaka 1893. Leo mashamba makubwa yako Nyeri, Kirinyaga, Murang'a, Kiambu, Embu, Meru, Kisii na miteremko ya Mlima Elgon, na sehemu kubwa mno ya mavuno huuzwa ng'ambo. Hivyo nchi inayosifika duniani kwa kahawa yake ina nyumba nyingi ambazo hazijapata kuionja ikiwa mbichi na safi. Si kwa sababu haipatikani, bali kwa sababu hatukufundishwa kuiuliza dukani.

Aina mbili na tofauti zao

Buni ya biashara iko ya aina kuu mbili. Arabika hupandwa katika nyanda za juu zenye baridi. Ladha yake ni laini, ina harufu nyingi na uchachu wa kupendeza unaofanana na wa matunda. Karibu kahawa yote ya Kenya ni ya aina hii, na kadhalika ile ya Kilimanjaro. Robusta hustahimili joto na maradhi, na hulimwa kwa wingi Uganda na katika nchi ya Bukoba. Uchungu wake ni mkali, kikombe chake ni kizito, na kafeini yake inakaribia kuwa mara mbili ya ile ya arabika. Bei ya robusta huwa ya chini.

Wako wanaoidharau robusta, ila hilo si la haki. Anayependa kahawa tungu nzito, iliyochemka sana pamoja na tangawizi kavu, huenda akaridhika na mchanganyiko wa arabika sehemu mbili na robusta sehemu moja kuliko na arabika tupu, na akaokoa fedha. Anayependa kahawa nyepesi isiyo na kiungo wala sukari, huyo arabika itamfaa zaidi, kwani hana kitu cha kuficha ukali.

Herufi za daraja

Kwenye pakiti za kahawa ya Kenya mna herufi ambazo wengi hudhani ni alama za ladha, ilhali kwa asili ni vipimo vya ukubwa wa punje. AA ni punje kubwa, za zaidi ya milimita 7. AB ni za kadiri inayofuata. PB ni punje za mviringo: kwa kawaida tunda moja la mbuni lina mbegu mbili zilizobanana, lakini mara nyingine hutoka moja tu, nayo huwa duara. C ni punje ndogo. TT na T ni zile nyepesi, pamoja na vipande. Na liko daraja liitwalo mbuni, ambalo ni tunda lililokaushwa na ganda lake bila kuoshwa. Ladha yake ni kali kidogo na bei yake ni nafuu.

Punje kubwa hupata bei kubwa mnadani, lakini ukubwa haukuhakikishii ladha. AB iliyokaangwa juzi ina harufu kuliko AA iliyokaa rafuni miezi sita. Kwa nyumba yenye kipato cha kati, ushauri wetu ni AB au PB kwa kahawa ya kila siku, na C kwa ile itakayotiwa viungo. AA iachwe kwa siku ambayo kahawa itanywewa peke yake na kwa utulivu.

Kukaanga: rangi ndiyo ladha

Buni ileile moja hutoa vinywaji vitatu tofauti kwa kadiri ya moto. Ikikaangwa kidogo hadi rangi ya mdalasini, uchachu wake hubaki na harufu ya asili husikika. Kahawa ya Ghuba, ambayo jamaa zetu wenye udugu na Oman wanaijua, mara nyingi hukaangwa hivyo, hutiwa iliki, na hutoka na rangi ya dhahabu. Ikikaangwa kadiri, hupata ulinganifu wa uchachu na uchungu. Ikikaangwa hadi kuwa nyeusi yenye kung'aa kwa mafuta, uchungu hutawala na tofauti ya buni ghali na buni rahisi hupungua sana. Basi mpenzi wa kahawa nyeusi kabisa hana sababu ya kununua daraja la juu, maana moto umekwisha kulisawazisha.

Anayeweza kukaanga nyumbani ana faida kubwa. Buni mbichi, ikiwekwa mahali pakavu, hudumu miezi mingi bila kuharibika. Iliyokaangwa hupoteza ubora baada ya majuma machache, na iliyotwangwa hupoteza harufu kwa siku chache. Ndiyo maana bibi zetu walinunua mbichi, wakakaanga ya juma moja na wakatwanga ya siku.

Kazi yenyewe si ngumu. Teka kikombe kimoja au viwili vya buni mbichi, uichague mawe na punje nyeusi zilizooza. Tia katika kaango zito juu ya moto wa wastani, nje ya nyumba kwa sababu ya moshi, na ukoroge kwa mwiko bila kuacha. Itageuka kutoka kijani kuwa manjano, kisha hudhurungi, na itanukia kama mkate. Baada ya dakika kumi au zaidi, kwa kadiri ya moto wako, utasikia punje zikialika kama bisi. Ukiiepua punde baada ya hapo utapata kahawa ya kadiri. Ukiendelea mpaka isikike mialiko ya pili, myepesi na ya haraka, umefika kwenye kahawa nyeusi. Imwage kwenye uteo, uipepete ili ipoe na wishwa wake upeperuke, kisha uiache ipumzike usiku mmoja kabla ya kuitwanga.

Ujue pia kwamba buni hupungua uzito motoni, kwa kiasi cha asilimia 15 hadi 20. Kilo moja mbichi itakupa takriban gramu 800 hadi 850. Unapolinganisha bei ya mbichi na ya iliyokaangwa, lisahihishe hilo kwanza, kisha uongeze gharama ya makaa.

Ukinunua iliyo tayari

Si kila mama ana nafasi ya kukaanga, na hakuna aibu katika hilo. Ila yako mambo manne ya kutazama.

La kwanza ni tarehe. Tafuta tarehe ya kukaangwa, si ya kwisha muda peke yake. Pakiti isiyotaja ilikaangwa lini haikusaidii kujua umri wake.

La pili, nunua punje nzima ikiwezekana, utwange mwenyewe. Kinu na mchi vinatosha. Unga wa kufungiwa kwenye karatasi sokoni huweza kuchanganywa na mahindi au nafaka nyingine zilizokaangwa, na rangi haitakuambia. Punje nzima haina siri hiyo. Ukinunua ya kusagwa, isagwe mbele yako.

La tatu, soma orodha ya vilivyomo. Kwenye pakiti vitu hutajwa kwa kufuatana na wingi wake, kilicho kingi kikitangulia. Vile vipakiti vya kahawa iliyochanganywa tayari na maziwa na sukari mara nyingi huanza na sukari au unga wa kufanyia weupe, na kahawa hufuata mbali. Mnunuzi amelipa bei ya kahawa akapewa sukari. Vilevile ziko kahawa za kuyeyuka zilizotiwa chikori, ambao ni mzizi uliokaangwa. Si haramu wala si sumu, lakini ni haki yako kujua unachokilipia.

La nne, nunua kidogo. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na kilo iliyofunguliwa itakuwa imechakaa kabla ya kufika nusu. Gramu 250 zinatosha nyumba ya kawaida. Iweke katika chupa kavu yenye kifuniko cha kubana, mahali penye giza, mbali na jiko, na mbali zaidi na vitunguu saumu na samaki, kwani kahawa hunyonya harufu upesi.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Pakiti ya kung'aa yenye picha ya mlima haina uhusiano na kilichomo ndani yake.

Bei ipimwe kwa kikombe

Watu wengi hulinganisha bei ya pakiti na pakiti, jambo ambalo hupotosha. Kipimo cha haki ni kikombe. Kwa kahawa ya kuchemsha, gramu 60 za unga kwa lita moja ya maji hutoa kinywaji chenye nguvu ya kutosha. Lita moja hujaza vikombe vidogo 16 vya mililita 60. Basi gramu 250 zitatoa lita nne na kidogo, yaani vikombe vidogo vipatavyo 66.

Tutoe mfano wa hesabu tu, si bei ya soko. Ikiwa pakiti hiyo ni shilingi 400, kila kikombe kidogo kimekugharimu shilingi 6. Ukinywa kwa kikombe kikubwa cha mililita 200, pakiti itatoa vikombe 20, kila kimoja shilingi 20. Kahawa ya kuyeyuka hutumika kidogo zaidi, gramu 2 hivi kwa kikombe kikubwa, hivyo kikopo cha gramu 50 kwa shilingi 300 kitatoa vikombe 25, kila kimoja shilingi 12. Tukisema kweli, kwa kikombe kikubwa cha haraka asubuhi, ya kuyeyuka yaweza kuwa nafuu, na asiyejali harufu hana haja ya kuiacha. Lakini kwa kahawa ya baraza, ya vikombe vidogo, buni ya kutwanga huitangulia kwa ladha bila kuugusa mfuko. Tia bei za duka lako mahali pa hizi zetu, jawabu litajitokeza lenyewe.

Hapa ndipo unapoonekana ubusara wa desturi ya wazee. Kikombe kidogo hakikuwekwa kwa ubahili. Kinaruhusu kahawa iwe nzito, mgeni aongezewe mara mbili au tatu kwa ukarimu, na bado matumizi yawe machache.

Kahawa ya wageni

Panapo shughuli ndipo fedha hupotea zaidi, kwani hofu ya maneno ya watu huwa kubwa kuliko hesabu. Tuchukue matanga ya watu 200, kila mmoja vikombe viwili vidogo. Hivyo ni vikombe 400, au lita 24, zinazohitaji unga wa kilo moja na nusu. Kwa anayekaanga mwenyewe, kilo moja na robo tatu ya buni mbichi inatosha. Tumepata kuona familia zilizofiwa zikinunua mara tatu ya kiasi hicho, tena la daraja la juu, kisha likachemshwa kutwa nzima na tangawizi, mdalasini na pilipili manga hata hakuna awezaye kulitambua. Aliyefiwa hastahiki kubebeshwa deni la kahawa. Daraja C, au mchanganyiko wenye robusta, ukikaangwa vizuri na kutiwa viungo vibichi, utawatosheleza wageni wote, na hakuna atakayeuliza herufi.

Dada zetu wakwe, na ninyi mama wakwe, mkumbushane katika hili. Bibi arusi mgeni asipimwe kwa jina la pakiti aliyoinunua, bali kwa usafi wa dele lake na bashasha ya uso wake. Msemo wetu ni mgeni njoo, mwenyeji apone. Haufai kugeuzwa ukawa mgeni njoo, mwenyeji akope. Israfu haigeuki kuwa ukarimu kwa sababu imemiminwa kikombeni.

Neno kwa afya

Akina mama waja wazito hushauriwa na wataalamu wengi wa afya wasipite miligramu 200 za kafeini kwa siku, zikihesabiwa pamoja na zile za chai. Hicho ni kiasi cha vikombe viwili vya wastani vya kahawa ya arabika, na kwa robusta ni chini ya hapo. Aliye na upungufu wa damu asinywe kahawa pamoja na chakula, kwa kuwa huzuia mwili kuyapata madini ya chuma yaliyomo. Angojee saa moja au zaidi. Na mwenye kukosa usingizi aangalie saa yake ya mwisho ya kunywa, kwani kafeini ya magharibi huwa ingali mwilini usiku wa manane.

Muhtasari wa kubandika jikoni

Kahawa isiyo na kiungo: arabika AB au PB, iliyokaangwa kadiri, itwangwe siku hiyohiyo.

Kahawa tungu ya tangawizi: daraja C, au arabika mbili kwa robusta moja, iliyokaangwa hadi kukolea.

Kahawa ya iliki kwa mtindo wa Ghuba: arabika iliyokaangwa kidogo, kwa vikombe vidogo sana.

Kahawa ya maziwa: robusta kiasi au buni nyeusi, maana maziwa huufunika ulaini wa arabika.

Kahawa ya shughuli: daraja la chini lililokaangwa kwa uangalifu, na hesabu ifanywe kabla ya kwenda sokoni.

Tunawaomba wasomaji wetu wajaribu kwa juma moja tu: wanunue robo kilo ya punje nzima, waitwange nyumbani, na waandike bei pembeni. Mwisho wa juma waketi na wenzao wa nyumba, waonje na wahesabu. Itakayopendwa na wote kwa fedha wanayoimudu, hiyo ndiyo kahawa yao, hata kama jirani hunywa nyingine.